Varisi za Tumbo Zinazovuja Damu: Tiba ya Endoskopia na Maneno ya Kuielezea

1. Utangulizi

Makala hii ina shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza, kwa lugha inayoweza kufuatwa na msomaji asiye tabibu, jinsi varisi za tumbo zinavyotokea, kwa nini hupasuka, na namna zinavyotibiwa kwa chombo kiitwacho endoskopi. Ya pili ni kuchunguza maneno ya Kiswahili ambayo daktari, muuguzi na mkalimani wanayo mikononi wanapotakiwa kumweleza mgonjwa tiba hiyo. Shabaha hizi zimeunganishwa kwa makusudi. Tiba ya varisi si tendo la siku moja bali ni mfululizo wa marejeo hospitalini, na mgonjwa asiyeelewa kwa nini arudi harudi. Kwa hiyo neno lililochaguliwa vibaya laweza kumpeleka mtu nyumbani akiwa na ugonjwa uleule, naye akiamini kwamba amepona.

Mahali panapofaa kulitazama suala hili ni Bafwasende, mji ulio kando ya mto Lindi katika jimbo la Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Bafwasende iko kwenye barabara ya taifa nambari 4, zaidi ya kilomita 250 mashariki ya Kisangani. Barabara hiyo hupita katikati ya msitu, ikaendelea hadi Nia-Nia, Mambasa na Komanda katika jimbo la Ituri, na kutoka huko watu huelekea Bunia na Ziwa Albert. Mtu wa Bafwasende huweza kusema lugha ya Wabali au ya Walombi nyumbani, Kiswahili na Kilingala sokoni, ilhali daktari atakayempokea amesomeshwa kwa Kifaransa. Maelezo ya ugonjwa, basi, hupita katika lugha kadhaa kabla ya kumfikia mwenye mwili, na mara nyingi Kiswahili ndicho daraja.

2. Varisi ni nini

Ini hupokea damu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ateri, inayoleta damu yenye oksijeni kutoka moyoni. Njia ya pili ni vena portali, mshipa mpana unaokusanya damu iliyopita katika tumbo, utumbo na wengu, ukaipeleka kwenye ini ili ichujwe na virutubisho vyake vihifadhiwe. Takriban robo tatu ya damu yote inayoingia katika ini huingia kwa njia hii ya pili.

Ini likijaa makovu, damu ya vena portali hukosa pa kupita. Mto ukizibwa, maji hayasimami; hutafuta vijito vya kando. Ndivyo damu ifanyavyo. Huacha njia yake ya kawaida, ikajipenyeza katika vena ndogondogo zilizo katika ukuta wa umio na wa tumbo, ambazo hazikuumbwa kubeba mzigo huo. Vena hizo hutanuka, hujipindapinda na kuta zake huwa nyembamba. Vena zilizotanuka hivyo ndizo varisi. Kwa watu wenye makovu ya ini yaliyoenea, yaani sirosisi, imethibitishwa kwamba tofauti ya shinikizo baina ya vena portali na vena za ini ikivuka milimita 10 za zebaki varisi huanza kujitokeza, na ikivuka 12 huweza kupasuka.

Varisi nyingi hupatikana katika umio. Za tumbo ni chache zaidi. Daktari Shiv Kumar Sarin na wenzake wa India, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 1992, walizikuta kwa kadiri ya mgonjwa mmoja kati ya watano wenye shinikizo kubwa la vena portali. Uchunguzi huohuo ulionyesha jambo la kutisha: varisi za tumbo hupasuka mara chache kuliko za umio, lakini zikipasuka damu humwagika kwa wingi zaidi. Mgonjwa hutapika damu nyekundu au mabonge yake, au hupata choo cheusi kama lami, kwa kuwa damu imesagwa ikiwa njiani. Wakati mwingine hasikii maumivu yoyote kabla ya hapo. Ni kwa sababu hii tukio hilo huwashtua watu wa nyumbani na kuwafanya watafute mkosaji. Mtu aliyekula jana na majirani, leo akatapika damu, neno linaloweza kutajwa upesi ni sumu. Tuhuma hiyo ina hasara mbili: huweza kumwangukia asiye na hatia, na huchelewesha safari ya hospitali.

3. Kichocho: neno la mwambao katika nchi ya maziwa na misitu

Makovu ya ini yana visababishi kadhaa. Virusi vya homa ya ini ya B na C, pamoja na pombe, huleta sirosisi. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kipo kisababishi kingine kikubwa, nacho ni kichocho cha utumbo. Mnyoo wake, Schistosoma mansoni, huishi ndani ya vena za utumbo. Sehemu ya mayai yake hutoka na choo, na sehemu nyingine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa katika matawi ya vena portali. Mwili huyazungushia kovu. Baada ya miaka mingi makovu hayo huyavika matawi hayo kama gamba. Daktari Symmers aliyaeleza mwaka 1904 kutokana na maiti alizozichunguza nchini Misri, ambako Theodor Bilharz alikuwa amewagundua minyoo wa jamii hii mwaka 1851.

Ukubwa wa tatizo hili waonekana Mwanza, kwenye Ziwa Viktoria. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wagonjwa 240 waliopimwa kwa endoskopi katika hospitali ya Bugando, kwa sababu ya kutokwa na damu katika sehemu ya juu ya njia ya chakula, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa na varisi za umio. Wenye vidonda vya tumbo walikuwa kadiri ya robo. Katika nchi nyingi za Ulaya mpango huo umegeuka: vidonda hutangulia na varisi hufuata mbali.

Hapa ndipo historia ya neno inapokutana na historia ya ugonjwa. Kamusi za Kiswahili zimezoea kukieleza kichocho kuwa ni ugonjwa wa kukojoa damu. Maelezo hayo si ya uongo, ila ni ya mahali maalumu. Unguja na Pemba, na katika sehemu kubwa ya mwambao, kichocho kinachojulikana ni kile cha Schistosoma haematobium, mnyoo anayekaa karibu na kibofu na kutia damu katika mkojo. Wasemaji wa mwambao waliutaja ugonjwa waliouona.

Kiswahili kilisafiri na misafara ya karne ya 19 hadi Maporomoko ya Stanley, mahali ambapo leo ni Kisangani, na ambapo Tippu Tip aliteuliwa kuwa gavana mwaka 1887. Lugha ilifika, lakini maji ya huko yalikuwa na minyoo wengine. Kwenye mwambao wa Ziwa Albert, upande wa Ituri na upande wa Uganda vilevile, anayetawala ni Schistosoma mansoni. Karibu na Kisangani penyewe kulikuwa na ajabu nyingine. Mwaka 1934 A. C. Fisher, akiandika kutokana na kazi yake katika hospitali ya misheni ya Yakusu, alimtambulisha mnyoo ambaye mayai yake yana mwiba nchani, mfano wa yale ya kichocho cha mkojo, lakini hutoka na choo. Alimwita Schistosoma intercalatum, jina la Kilatini lenye maana ya kilichotiwa katikati. Mnyoo huyu husumbua sehemu ya chini ya utumbo, na ni nadra kuliharibu ini.

Matokeo ya tofauti hii ni ya vitendo. Mgonjwa anayetapika damu akiulizwa, "Je, umewahi kuugua kichocho?" aweza kujibu hapana, kwa kuwa katika maisha yake hajawahi kukojoa damu. Jibu lake ni la kweli kwa maana ya neno alilolisikia, na ni la kupotosha kwa maana ya ugonjwa alio nao. Ni afadhali muulizaji aseme "kichocho cha utumbo", kisha aulize matendo badala ya jina: kama mtu huyo aliwahi kuishi kando ya Ziwa Albert, kuvua, kuoga au kufua humo, na kama aliwahi kupata choo chenye damu. Kwa mtu wa Bafwasende maswali hayo yana mantiki, kwani barabara nambari 4 ni njia ya wafanyabiashara, wachimba dhahabu na waliokimbia vita, na mnyoo wa ziwani huweza kuishi miaka mingi katika mwili wa msafiri.

4. Endoskopi na safari yake

Wazo la kuchungulia ndani ya tumbo la mtu aliye hai si la jana. Mwaka 1868, mjini Freiburg, Adolf Kussmaul alimtumia mtu aliyezoea kumeza panga katika maonyesho, akampitishia bomba lililonyooka hadi tumboni. Bomba gumu lilikuwa na hatari kubwa na mwanga wake ulikuwa hafifu. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1957 huko Michigan, Marekani, pale Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alipotumia nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga hata zikipindwa. Alilijaribu bomba lake kwa kulimeza mwenyewe. Siku hizi nyuzi hizo zimebadilishwa na kamera ndogo sana iliyo kwenye ncha ya mpira, na picha huonekana kwenye kioo cha televisheni.

Endoskopi ya tumbo ni mpira unaopindika, mwembamba kuliko kidole cha shahada, wenye taa, kamera, njia ya kupulizia hewa na maji, na njia ya kupitishia vyombo vidogo. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyokigeuza chombo cha kutazamia kikawa chombo cha kutibia.

5. Namna tatu za kuzuia damu

Namna ya kwanza ni kudunga dawa inayochoma na kukausha ukuta wa mshipa. Crafoord na Frenckner wa Sweden waliifanya kwa varisi za umio mwaka 1939, kwa bomba gumu. Iliachwa kwa miaka mingi, ikafufuliwa katika miaka ya 1970. Udhaifu wake ni kwamba dawa hiyo huweza kusababisha vidonda na kuubana umio, na kwa varisi kubwa za tumbo haifui dafu.

Namna ya pili ni kufunga kwa pete za mpira, iliyobuniwa na Greg Stiegmann na wenzake huko Denver, Marekani, katika miaka ya 1980. Varisi huvutwa kwa hewa ndani ya kikombe kidogo kilicho kwenye ncha ya endoskopi, kisha pete huachiliwa na kuinyonga shingo yake. Baada ya siku chache varisi hukauka na kuanguka pamoja na pete, ikiacha kidonda kidogo kinachopona. Hii ndiyo tiba inayopendekezwa kwa varisi za umio, na pia kwa zile varisi za tumbo ambazo ni mwendelezo wa za umio kwenye upande mfupi wa tumbo.

Varisi zilizo katika kuba la tumbo, yaani sehemu ya juu iliyo chini ya kiwambo, ni jambo jingine. Huwa nene, hujikusanya kama shada, na hulala ndani zaidi ya utando. Pete hushika sehemu tu ya varisi. Ikianguka, yaweza kuacha tundu wazi juu ya mshipa mkubwa, na damu itakayotoka hapo huwa mbaya kuliko ya kwanza.

Kwa varisi hizo ipo namna ya tatu, ambayo Nib Soehendra, daktari mzaliwa wa Indonesia aliyefanya kazi Hamburg, aliitangaza pamoja na wenzake mwaka 1986. Ni kudunga sianoakrilati, gundi ya jamii moja na ile inayounganisha vyombo vilivyovunjika. Gundi hii ni majimaji ndani ya sindano, lakini ikigusana na damu huganda kwa sekunde chache na kuwa ngumu kama jiwe. Mshipa huzibwa kwa ndani. Kwa kawaida hudungwa kwa kiasi kidogokidogo, kadiri ya mililita moja kila mara, na aghalabu huchanganywa na mafuta yenye aidini ambayo huchelewesha kuganda na kuonekana kwenye picha ya eksirei. Baada ya hapo maji safi husukumwa katika sindano ili gundi yote iingie mshipani, na sindano huchomolewa mara moja, isije ikanata humo. Mfanyakazi asiye na mazoezi huweza kuiharibu endoskopi yenyewe kwa tone moja, na wote waliomo chumbani hufunika macho yao, mgonjwa naye akiwemo.

Tiba hii ina hatari ambayo haifai kufichwa. Kipande cha gundi huweza kuponyoka na kuchukuliwa na damu hadi mapafuni, au mara chache hadi kwenye wengu au ubongo. Ndiyo maana kipimo hupunguzwa na mkono huwa wa haraka. Gundi iliyobaki hukaa mshipani kwa wiki au miezi, kisha ukuta wa tumbo huisukuma nje nayo hutoka na choo. Mgonjwa hurudi baada ya wiki chache ili varisi zikaguliwe na kudungwa tena, mpaka zizibike kabisa.

Kuna hali moja inayohitaji jicho la pekee. Mara nyingine varisi zimo katika kuba la tumbo tu, na umio hauna kitu. Hapo daktari hushuku kwamba vena ya wengu imezibwa na damu iliyoganda, wala si ini lenye makovu. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kupona kabisa kwa kuondolewa wengu. Kwa hiyo kuziona varisi ni mwanzo wa swali, na jibu lake hutokana na kulichunguza ini na mishipa yake kwa ultrasaundi.

6. Saa 12 na kilomita 250

Miongozo ya kimataifa inasema kwamba mgonjwa anayeshukiwa kuvuja damu kutokana na varisi afanyiwe endoskopia ndani ya saa 12 tangu kupokewa hospitalini, mara tu shinikizo lake la damu linapokuwa limetengemaa. Msomaji anayeijua barabara ya Bafwasende wakati wa masika hahitaji kuelezwa ugumu wa sharti hilo. Endoskopi ni chombo cha hospitali za miji mikubwa, na gundi yake ni bidhaa adimu hata huko.

Hata hivyo yapo mambo yanayoweza kufanywa kabla ya safari, nayo huokoa maisha. Mgonjwa alazwe ubavu ili matapishi yasiingie mapafuni. Apewe maji ya mshipani kwa kadiri, na damu iongezwe kwa lengo la kuifikisha hemoglobini kwenye gramu 7 hadi 8 kwa desilita, wala si zaidi. Jambo hili huwashangaza wengi. Damu ikizidi, shinikizo la vena portali hupanda na varisi hufunguka upya. Mwenye sirosisi apewe kiuavijasumu, kama vile seftriaksoni, kwa kuwa maambukizo huandamana na uvujaji na huongeza vifo. Mahali penye dawa za kubana mishipa ya tumbo, kama terlipresini au oktreotidi, zianzwe bila kungoja endoskopia. Aspirini na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki zisitumike. Damu isiposimama, mpira wenye puto huweza kupitishwa hadi tumboni na puto kujazwa hewa ili liigandamize varisi, lakini si kwa zaidi ya saa 24, maana huharibu utando.

Mgonjwa wa kichocho cha utumbo ana neema moja juu ya mgonjwa wa sirosisi. Makovu yake yameizunguka mishipa, lakini seli za ini lake aghalabu zinaendelea kufanya kazi. Akizuiwa kufa kwa kuishiwa damu, anaweza kuishi miaka mingi akilima, akivua na kulea watoto. Kwa mtu kama huyo kila hatua kati ya Bafwasende na Kisangani ina thamani yake, na kila neno pia.

7. Maneno manne yanayopotosha

Neno la kwanza ni mshipa. Katika Kiswahili neno hili hubeba vena, ateri, neva na hata kano. Isitoshe, katika mazungumzo ya kawaida "kuugua mshipa" ni kuugua ngiri. Mgonjwa anayeambiwa "una mshipa wa tumbo" ana haki ya kuelewa kwamba ana ngiri, ugonjwa ambao wengi hutafuta dawa yake kwa waganga wa mitishamba. Ni bora kusema "mishipa ya damu iliyovimba ndani ya tumbo la chakula", kisha kulitaja jina varisi. Neno tumbo nalo lahitaji kubainishwa, kwa sababu hutumika kwa kiungo, kwa sehemu yote ya mwili iliyo chini ya kifua, na hata kwa mimba.

Neno la pili ni presha. Shinikizo kubwa la vena portali likifasiriwa kwa haraka huwa "presha ya ini", na hapo huingia mkanganyiko. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kazi ya Didier Lebrec na wenzake nchini Ufaransa, propranololi hutumiwa kupunguza shinikizo hilo na kuzuia varisi zisivuje tena. Dawa hiyohiyo hujulikana kama dawa ya presha na ya moyo. Mgonjwa hupimwa mkononi, akaambiwa kwamba presha yake ni nzuri, basi huacha dawa. Hakukosea katika hoja yake. Amekosea kwa sababu ya neno alilopewa. Afadhali aambiwe kwamba dawa hiyo "inapunguza nguvu ya damu inayosukuma mishipa iliyovimba tumboni", na kwamba kipimo cha mkononi hakiwezi kuiona nguvu hiyo.

Neno la tatu ni kipimo. Katika hospitali nyingi endoskopia huitwa kipimo, na kwa wagonjwa wengi ndivyo ilivyo. Lakini pale inapotumika kufunga au kuziba varisi, ni tiba. Aliyeambiwa kwamba anakwenda kupimwa hawezi kuona sababu ya kupimwa mara ya pili, ya tatu na ya nne. Kwa upande mwingine, neno operesheni humtisha kwa kumletea picha ya kisu. Maelezo yanayofaa ni kwamba hii ni tiba inayofanywa kupitia kinywani, bila kupasua. Katika kuitaja dawa yenyewe, neno gundi linatosha. Huenda mtu wa msituni akapendekeza ulimbo, lakini ulimbo hubaki kunata ili umkamate ndege, ilhali sianoakrilati huganda ikawa ngumu. Tofauti hiyo ndiyo siri ya tiba, na gundi huibeba vizuri zaidi.

Neno la nne, nalo ndilo lenye hatari kuliko yote, ni kupona. Damu ikisimama, mgonjwa husema amepona, na watu wa nyumbani humshukuru Mungu. Kitabibu yametokea mambo matatu tofauti, na kila moja lastahili kitenzi chake. Damu imezuiwa, hilo ni la leo. Varisi imezibwa; hilo ni la wiki na miezi, nalo lahitaji marejeo. Ini halijapona, kovu lake limebaki, na vena portali ingali inatafuta vijito. Lugha inayotumia kitenzi kimoja kwa mambo haya matatu humwondolea mgonjwa sababu ya kurudi. Ikitofautisha kuzuia, kuziba na kuponya, humpa ramani ya safari yake. Kiswahili kina vitenzi hivyo vyote tayari. Kinachotakiwa ni nidhamu ya kuvitumia.

8. Hitimisho

Imeelezwa katika makala hii kwamba varisi za tumbo ni matokeo ya damu iliyozuiwa njia yake katika ini, kwamba zile za kuba la tumbo hazifai kufungwa kwa pete, na kwamba gundi inayodungwa kwa endoskopi ndiyo tiba iliyopata sifa kwa ajili yake tangu mwaka 1986. Imeelezwa pia kwamba tiba hiyo hukomesha uvujaji bila kuondoa chanzo. Chanzo hushughulikiwa kwingine: kwa prazikwanteli, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito katika matibabu ya jamii nzima, kwa vyoo na maji safi, na kwa chanjo ya homa ya ini ya B. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ugonjwa huu ukuta unaojengwa ni ghali na uko mbali.

Kwa wanaisimu, fundisho ni kwamba kazi ya istilahi haimaliziki kwa kupata kisawe cha neno la Kifaransa. Kamusi inayosema kwamba kichocho ni kukojoa damu, na kuishia hapo, imemtumikia msomaji wa Unguja na kumwacha yule wa Ziwa Albert na wa Tshopo. Inafaa matoleo yajayo ya kamusi zetu yatenganishe kichocho cha mkojo na kichocho cha utumbo, yaipe vena na ateri nafasi zake chini ya mshipa, na yaingize varisi pamoja na maelezo yake. Kwa wanafunzi wa tiba na wa lugha walio katika chuo kimoja, kama walivyo Kisangani, kazi hiyo yaweza kuanza kwa jambo dogo: kukaa pamoja na kuandika, kwa Kiswahili kinachosemwa kwenye barabara ya Bafwasende, karatasi moja atakayopewa mgonjwa anapotoka chumba cha endoskopia, ikimweleza kilichofanywa, kilichobaki, na siku ya kurudi.